Namna ya kuongelea hela ya matumizi na mwenzio bila kununiana wiki nzima

Mimi ni katibu wa kikoba huku Mbagala, kazi yangu ni kuandika nani kanunua hisa ngapi na nani hajarejesha, lakini ukikaa kwenye kile kiti muda mrefu unajikuta unazijua ndoa za watu kuliko hata mshenga. Mtu akichelewesha rejesho ukamvuta pembeni ukamuuliza vizuri, hasemi biashara imekufa, anakwambia "baba watoto toka Ijumaa anaacha elfu tano". Na huyo baba watoto ukimkuta kijiweni anakwambia yeye hela anaacha kila siku ila haoni inapokwenda. Na wote wawili wanasema kweli! Tatizo hawajawahi kukaa chini wakaambiana, wamebaki kukisiana tu, mume anakisia bei ya nyanya, mke anakisia mume anaingiza shilingi ngapi, alafu kila mtu anakasirikia makisio yake mwenyewe.

Kwahiyo haya ninayoandika ni kwa wale wenzangu wa maisha ya kawaida, mume anaacha hela asubuhi, mke anaipangia, na mara nyingi mke naye ana kagenge kake au anauza vitumbua au kaajiriwa sehemu. Kama nyie mshahara wote unaingia akaunti moja na mnakaa na kompyuta kupanga bajeti, hongereni sana, pitieni tu.

Alafu kabla sijaenda mbali. Kama wewe ukiuliza hela unapigwa, haya yote ruka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 66 inasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpa mwenzie adhabu ya viboko, sasa usikae unatafuta maneno matamu ya kumwambia mtu anayekupiga. Nenda kituo cha polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, chukua fomu ya polisi ya PF3 uende hospitali, mambo ya bajeti yatakuja baadae au yasije kabisa.

Kwanza ijueni hela inakwenda wapi

Hapa ndo penye kazi kubwa kuliko sehemu zote na watu wanaparuka, wanakimbilia kwenye kuongea. Utaongea nini sasa kama hujui?

Tuseme baba Zuu anaacha elfu kumi, watu watano ndani. Hebu tuifuate hiyo elfu kumi, bei zitatofautiana na za mtaani kwako ila chukua kama mfano. Maandazi kumi ya mia mia hapo buku imeondoka. Sukari robo mia nane. Unga wa sembe kilo moja na nusu, elfu mbili na mia nne. Dagaa au mboga ya majani na kipande cha samaki, buku jero. Nyanya na vitunguu buku. Mafuta ya kupima buku. Mkaa buku jero. Maji ndoo tano za mia, jero. Zuu kaenda shule na buku, nauli humo humo na uji na hela ya karatasi za mtihani. Jumlisha: elfu kumi na mia saba. Yani mke wa baba Zuu kabla hata hajanunua kipande cha sabuni keshazidisha mia saba, na hapo hatujagusa pedi, hela ya taka, LUKU, vocha, wala mafuta ya kupaka mtoto.

Sasa hiyo mia saba inatoka wapi? Inatoka kwa Mangi. Mangi ana daftari, anaandika "mama Zuu, mafuta, sabuni", na mia saba mara siku thelathini ni elfu ishirini na moja, na mama Zuu hasemi kwasababu anaona akisema ataonekana hajui kupanga hela. Mwisho wa mwezi baba Zuu anapita zake dukani kununua sigara, Mangi kwa adabu zake zote anamwambia "bosi, huku nyumbani kuna kadeni kidogo", mbele za watu. Baba Zuu anarudi nyumbani kavimba, "yani umeenda kunidhalilisha mpaka kwa Mangi wakati hela naacha kila siku!" Hakuna mwizi kwenye hii nyumba, kuna mia saba tu ambayo haikuwahi kutajwa.

Dawa yake, wiki moja tu andikeni. Mke aandike kila kinachotoka, chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa au andika kwenye simu, hata cha mia andika, na hasa cha mia. Na mume naye wiki hiyo hiyo aandike, hii wanaume wengi hawaipendi ila bila hiyo zoezi limekufa, mana haiwezekani mmoja awe anakaguliwa na mwingine awe mkaguzi. Kama ni bodaboda aandike kaingiza ngapi, hesabu ya bosi ngapi, mafuta ngapi, kula mchana, oili, faini, mchango wa kijiwe mwenzao kafiwa. Mke akishaona kwamba kwenye elfu ishirini na tano aliyoshinda nayo juani mume, elfu kumi ni ya bosi na elfu saba imeingia kwenye tenki, atajua ile elfu tano ya jana haikuwa ubahili, ndo ilikuwa imebaki hiyo na nauli ya kuanzia kesho.

Wala msisomeane hayo madaftari kila jioni, mtagombana siku ya pili tu. Acheni wiki iishe.

Lini muongee

Siyo asubuhi mume kashika ufunguo. Najua kwanini tunafanya hivo wanawake, usiku unasahau, au unaogopa, sasa asubuhi ndo unakumbuka unga umeisha na gesi inaelekea kuisha na mtoto anadaiwa hela ya mlinzi shuleni, unavimwaga vyote mlangoni, na yeye kichwani anaona umemvizia. Siyo akiwa ndo anaingia hajavua viatu. Siyo mbele ya shemeji, wifi, wala mama mkwe, na hapo hata kwa utani usijaribu, ukimwambia mwanaume "huyu mwenzenu hela ya mboga tu mbinde" mbele ya ndugu zake hata ukacheka, umenunua ugomvi wa miezi.

Jumapili mchana baada ya kula, au usiku watoto wamelala, lakini mwambie kabla na umwambie NINI. Ile meseji ya "ukirudi tuna maongezi" ifutwe kabisa kwenye ndoa. Mtu anashinda kazini anawaza labda umeona simu yake, labda kuna msiba, anarudi kajiandaa kwa vita. Andika hivi: "baba Zuu, Jumapili tukae kidogo tuangalie hela ya matumizi, vitu vimepanda, nimeandika." Imeisha, kajua ni nini, na yeye atafikiria ya kwake.

Maneno yenyewe

Mwanamke usianze na "wewe kila siku". Anza na kitu. "Mafuta ya kula yamepanda, elfu kumi haifiki jioni, naishia kwa Mangi mia saba kila siku, ona hapa." Umetaja kitu, umetaja kiasi, umeonyesha daftari, na hujamwita mtu bahili. Alafu sema unataka nini. Hapa wengi wetu tunakwama, tunaeleza shida mpaka machozi alafu tunanyamaza tukitegemea mwanaume ajaze mwenyewe. Hajazi! Amesikia malalamiko, anajua analaumiwa, hajui atoe nini. Mwambie "naomba iwe elfu kumi na mbili, au mchele na mafuta tununue kwa mwezi mwisho wa mwezi, elfu kumi ibaki ya mboga na shule". Mpe viwili achague, mtu akichagua mwenyewe analishika.

Hiyo ya kununua vya mwezi kwa wale wenye mshahara naipigia debe sana, sembe kiroba na mafuta dumu bei inashuka kidogo, na zaidi ya bei ni kwamba hamuombani kila siku, mana lile la kunyoosha mkono kila asubuhi linachosha pande zote mbili. Wa kipato cha siku haiwezekani kirahisi, nao wafanye hata vya wiki, au siku ya mapato makubwa mnunue mkaa gunia.

Mwanaume nawe kuna sentensi moja ikufie mdomoni, "hela nimekuachia imeenda wapi". Hata kama unauliza kwa nia njema inasikika kama unamuita mwizi. Sema "hebu nipitishe elfu kumi ya jana ilivyokwenda", alafu ukae kimya usikilize mpaka mwisho, usimkate kwenye maandazi ukaanza kusema mbona mama yako alikuwa anapika mwenyewe. Na ukisema hapana sema hapana yenye sababu na yenye tarehe. "Mwezi huu siwezi kwasababu kodi ya miezi sita inaisha tarehe 30, tukishalipa nitaongeza buku mbili." Hiyo mwanamke mwenye akili anaielewa na atabana mpaka tarehe ifike. "Tutaona" haieleweki, "tutaona" maana yake mwanamke aendelee kwa Mangi.

Kwenye simu je? Kiasi kiandikwe, malalamiko yasemwe ana kwa ana. Ukituma voisi ya dakika nne yenye mambo saba, mwanaume yuko kwenye daladala, atasikia sekunde ishirini za kwanza na atajibu "sawa", na wewe utaipokea ile sawa kama dharau. Na nyie mnaotuma hela kwa simu tumeni na ya kutolea, jamani. Mtu anatuma elfu kumi kamili anajua katoa elfu kumi, mwenzie kwa wakala anatoka na pungufu, alafu jioni mboga ikiwa ndogo anauliza. Makato siyo siri, wekeni kwenye hesabu toka mwanzo, au mlipe dukani moja kwa moja kwa lipa namba.

Mafumbo

Sisi watu wa pwani kusema moja kwa moja tunaona ni kukosa adabu, tuna njia zetu. Zamani bibi akikasirika alikuwa anavaa kanga, anajifunga ile yenye jina anapita nayo mara tatu mbele ya mlengwa, "Japo sipati tamaa sikati", na mtaa mzima umeshasoma. Status ya WhatsApp ndo kanga ya siku hizi. Mtu kagombana na mumewe usiku kuhusu hela ya shule, asubuhi kaweka picha nyeusi na maneno ya wanaume wasiojua thamani, wameona wifi, bosi, mwalimu wa mtoto, na fundi cherehani, mume mwenyewe hajafungua status tangu juzi.

Sisemi fumbo ni baya. Kwa jirani anayekusema, fumbo linatosha na linastahili, tena ni ufundi. Lakini hela ya gesi haiombwi kwa fumbo. Mwanaume ukimpigia sufuria jikoni atajua umekasirika, hatojua gesi imeisha.

Na kuna ile ya kumtumia mtoto. "Zuu mwambie baba yako sabuni imeisha." Baba yupo sebuleni anasikia, anajibu "mwambie mama yako asubiri". Zuu kasimama mlangoni anaangalia huku anaangalia kule. Mnafanya hivo mkiwa mmenuniana, najua, ni aibu ya kuanza kuongea. Basi bora andika kwenye karatasi bandika kwenye friji au ukutani, SABUNI, GESI, HELA YA TUISHENI, karatasi haina sauti ya hasira na mtoto anaachwa acheze.

Wanaume na kukaa kimya

Nimeongea na wake wengi ila hata waume nimewasikiliza, wanakuja kuulizia mikopo ya wake zao wanajifanya wanapita tu. Na kitu ninachokisikia sana ni aibu. Mwanaume siku ya mapato mabaya hasemi, anachelewa kurudi. Anazunguka mpaka saa nne usiku ili akute watu wamelala asiulizwe. Mke ndani haoni mtu aliyekosa hela, anaona mtu mwenye mchepuko, na wakigombana watagombania mchepuko ambao haupo, na mwanaume kwa ajabu yake ataona bora ashukiwe mchepuko kuliko kusema "leo sijapata".

Kaka yangu, sema mapema. Saa kumi jioni ukiona siku imekufa tuma meseji, "mama Zuu leo kijiwe kimelala, nina elfu tatu, panga hivo hivo". Hujajieleza, hujalia, umetoa taarifa. Elfu tatu iliyotajwa saa kumi inapikwa, anakwenda kuchukua tembele na unga nusu, elfu tatu inayoingia na mtu saa nne usiku haina kazi mana watoto wamelala na chai.

Na wewe mke meseji hiyo ikija usijibu "kama kawaida yako". Jibu "sawa baba, rudi mapema". Ukimrushia maneno siku aliyosema kweli, mara ya pili hasemi tena, atachelewa kurudi. Malalamiko kama yapo yanangoja Jumapili.

Kazi za ndani nazo zina hesabu

Watu wanagombania hela kumbe nusu ya ugomvi ni uchovu. Kwenye ile wiki ya kuandika, pembeni ya hela andikeni na kazi, nani kaamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha moto, nani kafuata maji, nani kaogesha mtoto, nani kafua, nani anakumbuka tarehe ya kliniki ya mdogo na kwamba viatu vya Zuu vimembana. Hiyo ya kukumbuka iandikwe pia ni kazi, ndo inayomfanya mwanamke akae na wewe unamsemesha hakusikii.

Na wale wanaosema "mke wangu hafanyi kazi yuko tu nyumbani", ndugu zangu Mahakama ya Rufani ilishaongea toka mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango wake kwenye mali iliyochumwa ndani ya ndoa, kwa kifungu cha 114 cha hiyo hiyo Sheria ya Ndoa. (Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa mgao, mahakama iliona hela aliyokuwa kapewa na mumewe keshaitumia ovyo, ila msimamo ule ukabaki na unatumika mpaka leo.)

Sasa kugawana. Nyumba ya kupanga ina macho, vyumba sita uwa mmoja, mwanaume akitoka na beseni la nguo keshapewa limbwata, jioni hadithi imefika mtaa wa pili. Unaweza kusema asijali, lakini anajali, mimi naona bora muanze na zile ambazo hazipiti uwani. Kuogesha mtoto, kusimamia homuweki, kupiga pasi, kutandika, kwenda kliniki kwa pikipiki mana anayo, kupita sokoni akirudi, ndoo za maji kuzibeba usiku au alfajiri. Zikizoeleka hizo na beseni litatoka lenyewe siku moja, na majirani watachoka.

Muhimu kazi iwe yake kabisa. Siyo leo kafanya kesho mpaka akumbushwe, mana kukumbusha nako ni kazi. Mnakubaliana maji ni ya baba, basi maji yakiisha anayeulizwa ni baba, hata mgeni akija.

Na dada zangu hapa tusikie, kaosha vyombo vibaya sufuria ina masizi chini, usivirudie kuosha mbele yake huku unasonya. Mwanaume akiona umerudia hagusi tena maisha yake yote, na ana sababu. Kama sufuria inakukera muonyeshe mara moja steelwire inavyotumika, alafu ondoka jikoni. Mama mkwe akija kukaa mwezi mjipange kabla, mume ndo amwambie mama yake "kwetu hapa homuweki nasimamia mimi", asiachiwe mke kujieleza, mana neno hilo likitoka kwa mkwe linasikika jeuri na likitoka kwa mtoto wake linasikika mapenzi.

Mke akianza kuingiza hela

Hapa ndo kikoba chetu kinapoona mengi. Mwanamke kachukua mkopo kaanzisha genge, mwezi wa kwanza hela ya matumizi ikapungua, mwezi wa tatu ikakata. Mume hakusema kitu, aliona tu mambo yanakwenda. Mwanamke anakula mtaji kulisha nyumba, genge linakufa, rejesho linabaki.

Wa dini yetu ya kiislamu tunajua nafaqa, yani matunzo ya mke, ni juu ya mume na chumo la mke ni lake, na Sheria ya Ndoa nayo kifungu cha 63 imeweka wajibu wa mume kutunza mke, na cha 58 kwamba kuoana peke yake hakubadilishi mali ya mtu kuwa ya mwenzie. Lakini ukienda kumsomea mume vifungu Jumapili mchana hamtafika mbali. Ongeeni kabla ya kuuza nyanya ya kwanza, na muongee kwa vitu siyo kwa "tutasaidiana". "Genge likisimama mimi nitachukua gesi na tuisheni ya Zuu. Kodi, unga na mboga vinabaki kwako. Mtaji laki mbili haugusiki, hata wewe ukikwama usiniombe." Hilo la mwisho liseme ukiwa unatabasamu ila liseme. Na mume useme lako, pengine unataka hela yako ipumue ulipe ada ya mdogo wako, taja, usikate matumizi kimya kimya ukategemea mtu ataelewa.

Madeni yaliyofichwa

Ile mikopo tunayoiita kausha damu, rejesho kila wiki au kila siku, dhamana ni tivii, friji na makochi, wanawake wengi wanaichukua mume hajui, na waume nao wana ya kwao kwenye simu. Mnaogopa kusema. Lakini anayekudai atasema kwa niaba yako, atakuja na gari kubeba makochi mchana kweupe.

Ukiamua kusema, sema yote siku moja. Kosa kubwa ni kutaja nusu, unasema laki moja kumbe laki tatu, anajipinda analipa laki, wiki mbili mbele inatokea nyingine, hapo hata ukisema ni Jumatatu hakuamini. Kaa na karatasi: nilichukua kiasi hiki, tarehe hii, nimebakisha hiki, rejesho ni siku hizi, dhamana ni friji na kochi kubwa, hela nilifanyia hiki. Usianze na sababu na usianze na kulia, anza na kiasi.

Anayeambiwa, swali lako la kwanza liwe "limebaki shilingi ngapi na rejesho linalofuata lini". "Kwanini ulinificha" ni swali la haki kabisa na utaliuliza, ila liulize baada ya kujua friji inabebwa lini. Alafu nendeni wote wawili kwa mkopeshaji mkaombe ratiba nyingine, wakiona mume na mke wamekuja pamoja mara nyingi wanalegeza kidogo kwasababu wanajua sasa kuna mifuko miwili. Na wewe mume, kama mna nyumba yenu mliyojenga, usikimbilie kuiweka rehani kimya kimya kufukia deni, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinakataza nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzio.

Ikishindikana kabisa

Umeongea Jumapili tatu hamna kitu, au mwenzio anaondoka kila ukifungua daftari. Tafuta mtu, lakini siyo mama yako na siyo mama yake, hao wana upande. Kwa wakristo kuna wasimamizi wenu wa ndoa, ndo kazi yao hiyo hawakuja kula keki tu. Kwa wengine mshenga, somo wako, shehe wa msikiti wenu, mzee wa mtaa anayeheshimika na wote wawili. Umpe daftari asome kabla hajawaita, ili aongee hela na asiongee tabia.

Ikizidi hapo kuna ustawi wa jamii, na kuna baraza la usuluhishi wa ndoa, lipo kwenye kata na mengine ya kidini kama BAKWATA, na hata mtu akitaka talaka kwa kawaida lazima apitie kwanza baraza, mahakama itamuuliza. Nenda na cheti cha ndoa na lile daftari. Kama hamna cheti, mlihamiana tu kama wengi wetu, usirudi nyuma, kifungu cha 160 cha sheria hiyo hiyo ya ndoa kinaangalia waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawachukulia mke na mume, dhana ya ndoa wanaita, kwahiyo beba majina ya majirani wawili watatu wanaowajua toka mmehamia, na barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa wako.